Mpinzani Wako, Mwenzako wa Karata

Maneno yaliyosemwa katika sherehe yetu ya Uhuru, Birmingham

  

Kamati iliponiomba nizungumze leo, nadhani walitarajia niwaambie mpime presha na mpunguze chumvi. Mimi ni muuguzi, shahada yangu niliipata hapahapa Uingereza, na hayo ya chumvi nayasema kila siku. Presha pimeni. Lakini leo nataka kuzungumza juu ya karata.

Msicheke. Hapa Uingereza, wanasiasa wa Bunge wana mchezo wao wa karata unaoshindaniwa kila mwaka. Ulianza mwaka 1975. Upande mmoja ni Bunge la Malodi, upande wa pili ni Bunge la Makabwela, na karata wanazocheza zinaitwa briji. Nimeona historia ya mchezo huo ina jambo la kutufundisha sisi wa chama hiki, hasa kwa hali tuliyo nayo.

Kwanza niwaeleze watoto. Bunge la nchi hii lina nyumba mbili. Makabwela ni wale 650 wanaochaguliwa na wananchi kwa kura. Malodi hawachaguliwi na wananchi. Zamani wengi wao walirithi kiti kutoka kwa baba zao kama mtu anavyorithi shamba, mpaka sheria ya mwaka 1999 ilipowaondoa wengi wa warithi hao na kubakiza 92. Wengi wa malodi wa sasa ni watu walioteuliwa. Nyumba hizi mbili zimegombana kwa karne nyingi. Mwaka 1911, na tena mwaka 1949, zilipitishwa sheria za kuwapunguzia malodi nguvu ya kuzuia miswada. Kwa hiyo ushindani wao una mizizi.

Sasa huo mchezo wenyewe. Waliowahi kukaa barazani na karata wanazijua shupaza, kopa, uru na pau, na wanajua turufu ni nini. Briji inatumia hizohizo. Wachezaji ni wanne, na wanaokaa kuelekeana ni jozi moja. Karata 52 zinagawiwa, kila mtu anapata 13. Kabla ya kucheza, kila mmoja kwa zamu anatangaza jozi yake itakula mara ngapi na kwa turufu gani. Tangazo la juu kuliko yote ndilo linalosimama, na likishasimama ni ahadi. Ukisema utakula mara kumi, ule mara kumi. Ukila mara tisa umeshindwa, hata kama wenzako wamekula mara nne tu.

Kisha linafuata jambo linalonipendeza kuliko yote. Mwenzako anafunua karata zake zote mezani, watu wote wazione, halafu ananyamaza. Wewe unacheza za kwako na za kwake. Yeye kazi yake ni kukuamini.

Na katika mashindano ya timu kuna utaratibu mwingine. Karata zilezile zilizochezwa kwenye meza moja zinachezwa pia kwenye meza ya pili, ila safari hii timu zimebadilishana upande. Hakuna wa kusingizia kwamba alipewa mkono mbaya, kwa sababu mkono huohuo mpinzani wake naye ameushika.

Mchezo huu wa Malodi na Makabwela ulianzishwa na nani? Hakuwa lodi wala mbunge. Alikuwa mwanamke, na alikuwa mkimbizi. Jina lake Rixi Markus. Alizaliwa mwaka 1910 huko Bukovina, sehemu ambayo wakati ule ilikuwa chini ya Austria, na mahali alipozaliwa leo pako Romania. Alikuwa Myahudi. Akaishi Vienna, akawa mchezaji hodari, na mwaka 1937 alikuwa kwenye timu ya wanawake ya Austria iliyotwaa ubingwa wa dunia. Mwaka uliofuata, 1938, Wanazi wakaiingia Austria, na bingwa wa dunia akawa mtu wa kukimbia. Alifika London.

Akina mama wenzangu, mnajua maana ya kufika nchi ya watu na kuanza upya na kile ulichonacho kichwani. Wengine tulikuja na vyeti vya uuguzi, tukaambiwa turudi darasani. Yeye alikuja na karata zake. Mwaka 1950 akapata uraia wa Uingereza. Mwaka 1955 akaanza kuandika juu ya briji katika gazeti la Guardian. Akaichezea nchi hii na kuiletea ubingwa wa dunia, na mwaka 1974 akawa mwanamke wa kwanza duniani kupewa daraja la juu kabisa la mabingwa wa briji. Mwaka 1975 alipewa nishani na Malkia, na mwaka huohuo ukachezwa mchezo wa kwanza wa Malodi na Makabwela, yeye akiwa ndiye mwandaaji. Alifariki mwaka 1992, na wanasiasa wakaendelea na mchezo wao.

Fikirini hali ya nchi hii wakati ule. Mwaka 1974 ulikuwa na uchaguzi mkuu mara mbili, Februari na Oktoba. Tarehe 21 Novemba mwaka huo, mabomu yalilipuka katika baa mbili za katikati ya mji wetu huu wa Birmingham, yakaua watu 21. Baada ya hapo Waireland wengi wa mji huu waliogopa kufungua mdomo hadharani ili lafudhi isiwatambulishe. Wanaume sita wakafungwa kwa makosa ya mahakama, wakaja kuachiwa mwaka 1991. Juni 1975 taifa likapiga kura ya maoni juu ya kubaki katika Jumuiya ya Ulaya, na vyama vikagawanyika ndani kwa ndani. Haukuwa wakati wa watu kupendana. Katika mwaka huo wanasiasa wakaitwa mezani na mwanamke aliyekuja nchi hii akikimbia.

Sasa sikilizeni kiini cha maneno yangu. Mchezo huu si wa chama kwa chama. Haikuwa Labour dhidi ya Conservative. Ni nyumba dhidi ya nyumba. Maana yake mbunge wa Labour na mbunge wa Conservative, ambao mchana wametupiana maneno makali, wanaweza kujikuta jioni wako timu moja, na ushindi wa huyu unategemea karata za yule. Mstari unaowagawa kila siku umefutwa kwa usiku mmoja, umechorwa mwingine mahali pengine.

Na hata huo mstari mpya hauna ukuta. Kulikuwa na mwanasiasa wa Labour akiitwa Harold Lever, mbunge wa Manchester tangu 1945, mchezaji briji aliyejulikana. Mwaka 1972 alipata kiharusi kilichodhoofisha mkono wake wa kushoto. Miaka miwili baadaye alikuwa waziri. Nalitaja hili kwa ajili ya wazee wetu waliopata kiharusi na kudhani ndiyo basi. Wodini tuna kibao kidogo chenye mfereji, mgonjwa anachomeka karata zake na kucheza kwa mkono mmoja, na nimeona watu wakirudisha maneno na hesabu kwa kucheza karata. Basi mwaka 1979 Lever aliteuliwa kuwa lodi. Aliyekuwa kabwela jana, leo ni lodi. Wengi wanapitia njia hiyo, kwa hiyo unayemcheza vibaya leo huenda kesho akawa mwenzako wa jozi.

Kwetu jambo hili lipo pia, ila kwa miguu. Wabunge wetu wamewahi kuingia uwanjani kumenyana, wabunge wa Simba dhidi ya wabunge wa Yanga. Hapo mbunge wa CCM na mbunge wa upinzani wamevaa jezi moja nyekundu, na kule ng'ambo vilevile wamevaa moja ya kijani na njano. Yanga ilianzishwa mwaka 1935 na Simba mwaka 1936, kabla ya TANU, kabla ya Uhuru, kabla ya vyama hivi tunavyonuniana kwa ajili yake. Mstari wa Simba na Yanga unapita katikati ya vyama vyote, katikati ya dini zote, katikati ya nyumba zetu pia. Mimi na mume wangu tunajua.

Nitawaeleza juu ya mtu mmoja zaidi, kwa sababu leo ni siku ya Uhuru na yeye anahusika. Anaitwa Iain Macleod. Hakuuwahi mchezo huu wa mwaka 1975, alifariki mwaka 1970. Lakini kabla ya siasa alikuwa mmoja wa wachezaji wakubwa wa briji nchini hapa, aliichezea England, na mwaka 1952 alitoa kitabu cha kufundisha mchezo huo. Mwaka huohuo akawa Waziri wa Afya, yaani msimamizi wa huduma hii ya afya inayotuajiri wengi wetu humu ndani, ikiwa na umri wa karibu miaka minne tu.

Mwezi Oktoba 1959 Macleod akawa Waziri wa Makoloni. Agosti 1960 TANU ikapata viti 70 kati ya 71. Machi 1961 Macleod akasafiri hadi Dar es Salaam, akakaa na Mwalimu Nyerere na wajumbe wengine katika Ukumbi wa Karimjee, na mwisho wa mkutano ule ukatangazwa mwaka wa uhuru wetu: huohuo 1961. Wazee mmeiona ile picha ya Mwalimu amebebwa juu mabegani, ameshika bango la kudai uhuru kamili 1961. Mei mosi tukapata madaraka ya ndani, na tarehe 9 Desemba bendera ikapanda. Simpi Macleod sifa ya uhuru wetu. Uhuru ule ulipiganiwa na wenyewe, na wengine walitembea kwa miguu kijiji hadi kijiji kuutafuta. Ninachosema ni kwamba upande wa pili wa meza alikaa mtu aliyezoea kwamba ukishatangaza, umetangaza.

Hilo lilikuja kupimwa. Mwaka 1968 serikali ya hapa ilileta sheria ya haraka kuwazuia Waasia wa Kenya wenye pasipoti za Uingereza wasiingie nchini. Chama chake Macleod hakikuipinga. Yeye aliipinga na kuipigia kura ya hapana, akisema nchi iliwapa watu wale ahadi. Mwezi Aprili mwaka huohuo, hapahapa Birmingham, Enoch Powell akatoa hotuba yake dhidi ya wahamiaji, hotuba ambayo wengi wetu tumeelezwa habari zake na majirani zetu Wajamaika waliokuwepo. Powell na Macleod walikuwa marafiki tangu ujana wao katika chama. Baada ya hotuba ile, Macleod aliukata urafiki huo.

Nalitaja hilo makusudi, maana najua kuna watu humu wanajisemea moyoni: "Dada, unatuambia tukae tucheze karata na watu waliotutesa?" Hapana. Kazini tunatumia kipimajoto. Kipimajoto hakitibu homa. Kinakwambia kama ipo. Mchezo huu wa kila mwaka nauona hivyohivyo: hauleti amani, unaonyesha kama amani ipo. Malodi na Makabwela wanaweza kukaa mezani kwa sababu kila mmoja anajua kwamba akishindwa, kwenye karata au kwenye kura, atarudi nyumbani salama, atalala kitandani mwake. Rixi Markus alilijua hilo kuliko wote. Ubingwa wa mwaka 1937 haukumlinda mwaka 1938. Karata hazina uwezo wa kumlinda mtu pale sheria inapomwacha.

Na sisi tunalijua. Wapo ndugu zetu walioondoka Pemba baada ya mauaji ya Januari 2001, wakavuka bahari kwenda Shimoni, na safari zao nyingine zikaishia kwenye miji kama huu. Huwezi kumwambia mtu kama huyo kwamba yaliyompata yaishe kwa bao na kahawa. Lakini kumbukeni pia tarehe 5 Novemba 2009, Rais Amani Karume na Maalim Seif Sharif Hamad walipokutana Ikulu ya Zanzibar baada ya miaka ya kutoelewana. Tarehe 31 Julai 2010 Wazanzibari wakapiga kura ya maoni, na zaidi ya asilimia 66 wakakubali serikali ya umoja. Wale wawili hawakuacha kuwa wapinzani. Walikubali kukaa, kisha yakaandikwa kwenye katiba. Kukaa peke yake kusingetosha, na bila kukaa yasingeandikwa.

Sasa nirudi kwetu, humu ukumbini. Nitasema kwa upole lakini nitasema. Kuna watu walikuwa wanakuja sherehe hii kila mwaka na leo hawapo. Hawajahama mji. Wamejiondoa kwenye kundi letu la WhatsApp kwa sababu ya siasa za nyumbani. Kuna watu humu wanaosalimiana kwa kichwa tu. Kuna watoto wanauliza kwa nini siku hizi hatuendi kwa anti fulani, na mama anajibu, "Utaelewa ukikua." Watakua na wataelewa, na watakachoelewa ni kwamba Utanzania ni kununiana.

Na tunajua gharama yake. Mwenzetu akifa, familia inahitaji kusafirisha mwili. Hizo ni maelfu ya pauni, na hazitoki mfukoni mwa mtu mmoja. Zinatoka kwa wa Bara na wa Visiwani, wa chama hiki na wa chama kile, wa msikitini na wa kanisani. Mfuko wa msiba hauulizi kadi ya chama. Lakini watu wakishaacha kusalimiana, wataacha kuchanga, na siku ya msiba ndiyo tutajua tumepungua kiasi gani. Mimi nafanya kazi ambayo simu huja usiku. Sitaki nipige simu kwa mjane halafu nianze kuhesabu nani anaongea na nani.

Kwa hiyo, Ndugu Mwenyekiti, naomba nitoe pendekezo, na naomba liingie kwenye kumbukumbu.

Tuwe na mchezo wetu wa kila mwaka, siku maalumu, tusiubadilishe. Wanaopenda karata wacheze karata, wanaopenda bao wacheze bao. Mwalimu mwenyewe alikuwa mpenzi wa bao, hakuna wa kusema ni mchezo wa wasio na kazi. Ila tukigawa timu, tusigawe kwa Bara na Visiwani, wala kwa chama na chama. Hapo tutakuwa tumepeleka ugomvi uwanjani. Tuchore mstari mahali pengine. Wanaofanya kazi za usiku dhidi ya wanaofanya kazi za mchana. Wanaokaa kaskazini ya mji, Handsworth na kwingineko, dhidi ya wa kusini. Au wazazi dhidi ya watoto, nami nawahakikishia watoto watashinda. Jozi zipangwe kwa kura ya kuokota karatasi, na ukimwokota usiyesalimiana naye, huyo ndiye mwenzako. Utafunua karata zako mbele yake na atazicheza.

La pili, mwandaaji asiwe mtu wa upande wowote. Rixi Markus hakuwa lodi wala kabwela, ndiyo maana wote walimkubali. Napendekeza tuwape vijana waliozaliwa hapa. Hawana deni la ugomvi wetu. Watu wazima tulete viti na chai.

La tatu, tukae kwa Kiswahili. Mtoto aliyekaa karibu na meza ya bao akisikia wazee wakitaniana atapata Kiswahili ambacho hakipo kwenye darasa la Jumamosi. Matani ni lugha pia.

La nne, kabla ya hayo yote, tuwapigie simu waliojiondoa. Tusiwatumie ujumbe, tuwapigie. Na kama mtu ana kidonda cha kweli, tusimwambie asahau. Tumsikilize kwanza, halafu tumwambie kiti chake kipo. Akikataa mwaka huu, mwakani tumpigie tena.

Watoto, ninyi mna bendera mbili vichwani mwenu, na hakuna ubaya. Wazazi wenu walikuja na mikono tofauti ya karata, wengine mizuri, wengine mibaya, na mnayocheza leo mmeachiwa na wao. Mkiwaona wazazi wenu mwakani wamekaa meza moja na wale anti na anko ambao siku hizi hamwendi kwao, msishangae. Leteni kahawa.

Uhuru na Umoja. Ndivyo ngao yetu ya taifa inavyosema, na neno la pili limo kwa sababu.  Na presha, tafadhali, pimeni. Nimekuja na mashine, nitakaa pale mlangoni.